Kufuli Kwenye Geti la Dobi

Mama Cheche hakuwa mwoga wa moto. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na miaka nenda rudi cheche zilimrukia miguuni akapita zake kama hakuna kitu. Alichokiogopa ni kubisha hodi kwa mtu na kusema, "Nimefuata pesa zetu." Akifika hapo kwenye pesa, ulimi unakuwa mzito kama ametia kokoto mdomoni.

Lakini afanyeje? Mumewe ndiye hawezi kabisa. Akienda kudai, anaishia kuomba radhi na kumzibia mdaiwa ndoo yake bure. Na mashine ya kuchomelea haikuwa yao, waliikodi, na mwenyewe alishatoa neno: "Kesho asubuhi, kodi yangu au mashine yangu. Hadithi sitaki." Fundi asiye na mashine atachomelea kwa nini, kwa pumzi?

Aliyekalia pesa yao alikuwa dobi. Alitengenezewa geti la vyuma la mlango wa duka lake, geti zuri, na ankara tatu zilishampata. Kila moja aliipokea kwa mikono miwili, akausifu mwandiko, akasema, "Njoo kesho." Mtaa mzima ulimwita Dobi Kesho, naye akiitwa hivyo anaitika.

Mchana ule Mama Cheche alikuta mlango wa mbao, ule ulio nyuma ya geti, umefungwa. Fundi viatu wa barazani hapo hakuinua hata macho.

"Dobi kasafiri, shemeji."

"Kasafiri kwenda wapi?"

"Mimi nashona viatu tu. Vinakokwenda siulizi." Akakichekea kiatu chake.

Mama Cheche akarudi karakana kavimba. Wachomeleaji wana desturi yao: geti lisilolipwa bado ni la fundi, na fundi akitaka hulitia kufuli mpaka alipwe. Mumewe hajawahi kuthubutu. Yeye alitungua kufuli kubwa kuliko yote msumarini, akalificha chini ya mtandio, na alasiri akarudi kwa dobi. Fundi viatu alikwisha kukusanya virago vyake. Barazani hapakuwa na mtu. Kufuli likagonga vyuma, ko, ko, ko, akaona dunia nzima imesikia. Akalibana, akachomoa ufunguo, akaondoka mbio mbio kama mwizi, naye ndiye mwenye mali.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake uani, anachambua mchele. Macho ya bibi yule yalishachoka, lakini pua ilikuwa nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka kwa dobi?"

"Umejuaje?"

"Unanuka makaa. Kakulipa?"

"Hayupo, mama. Kafunga duka kasafiri. Lakini leo nimemkomesha! Nimelitia geti kufuli. Atatutafuta mwenyewe."

Bibi akauweka ungo chini, polepole.

"Duka limefungwa, mwenyewe kasafiri. Na hayo makaa unayonuka, kayawasha nani?"

Mama Cheche akaunusa mtandio wake. Akakumbuka ile hewa ya moto iliyompiga usoni penye upenyo wa mlango, alipoinama kufunga. Pasi ya dobi ni ya makaa. Chumba chake hakina dirisha. Mtu akijifungia humo na jiko linawaka, hapigi kelele. Analala tu.

"Mama, nimeua."

"Hujaua bado. Kimbia!"

Alikimbia miguu si yake. Kiatu kimoja kilibaki kwenye mtaro, hakukirudia. Watu walimuuliza kuna nini, akapita. Kila hatua aliuona uso wa mke wa dobi, na watoto wake, na yeye mwenyewe kasimama mbele ya watu akieleza habari ya kufuli. Ufunguo aliushika kwa nguvu hadi ukamkata kiganja.

"Dobi! Dobi, toka! Sikudai! Wallahi sikudai kitu, itika tu!"

Akalishika kufuli.

Ufunguo ukagoma. Alikuwa ameuingiza kichwa chini. Akaugeuza, ukaanguka, akaupapasa vumbini huku analia kwa sauti. Kufuli lilipofunguka alilivuta geti, akausukuma mlango wa mbao kwa bega. Kapu la nguo liliuzuia kwa ndani, akasukuma tena, ukaachia.

Joto na giza. Suti na magauni yalining'inia kila upande kama watu waliokuja msibani. Dobi alikuwa chini ya meza ya pasi, kajikunja, jiko la makaa karibu na kichwa. Mama Cheche alimkamata makwapani akamburuta mpaka nje, akammwagia maji ya kunyunyizia nguo, akampiga makofi ya mashavu.

"Amka, baba. Amka nisifungwe. Amka!"

Hakuamka. Akampiga tena. Kifua hakitikisiki. Mama Cheche akahisi mbingu zinashuka taratibu juu ya kichwa chake.

Kisha dobi akakohoa. Akakohoa hata akatapika, akafumbua jicho moja.

"Mwambieni," alisema, "mwambieni nimesafiri."

Mama Cheche alicheka, akalia, akaketi palepale chini.

Baadaye, mke wake akimpepea, dobi alisema bila kumtazama mtu, "Nilikusikia unafunga. Nikaona haya kusema nipo. Nikasema ukienda nitapiga kelele, kichwa kikawa kizito."

"Ungekufa kwa haya?" Mama Cheche akamuuliza.

"Utanilaumu? Hizo nguo zote unazoziona ni za watu. Nimeshafua, nimeshapiga pasi. Nao huniambia kesho."

Mama Cheche akazitazama. Akaikumbuka mashine, na asubuhi haikuwa mbali. Akajitwika begani nyingi kadiri alivyoweza, mke wa dobi akamtajia nyumba moja moja, akazunguka nazo, mguu mmoja pekupeku. Mkono huu nguo, mkono huu pesa, mpaka deni la geti likatimia. Asiye na pesa, nguo inarudi. Ulimi haukumkwama hata mara moja. Aliyoyaona barazani yalikuwa mazito kuliko kokoto.

Asubuhi mwenye mashine alipata kodi yake, akanuna maana alikuja na mkokoteni wa kuichukulia.

Siku hizi fundi hawashi cheche ya kwanza kabla ya kupokea nusu. Mkewe husimama pembeni kuhakikisha. Madeni ya zamani bado huyafuata yeye. Lakini akikuta mlango umefungwa na jirani akamwambia mwenyewe kasafiri, habishi hodi kwanza. Huinama, akaweka pua kwenye upenyo, akanusa.