Lori Lililoingia Shamba la Mihogo

Ti! Kimya. Ti!

Alfajiri, giza bado totoro, Hajra akapapasa mezani mpaka akakishika: kile kidude cheusi cha kufuatilia malori alichokuja nacho kutoka kazini kukichaji. Kitaa chake cha kijani kikamkonyeza. Pembeni, mwanawe Mboni, wa miaka minne, yu macho kama mchana.

"Mama, analia."

"Halii mwanangu, ameshiba chaji. Leo anakwenda Zambia na lori, kama wewe utakavyokwenda Kisarawe bibi akija kukuchukua."

"Mbali? Atalala wapi?"

"Njiani huko huko," Hajra akacheka, akakitia kwenye kimfuko chake, akaenda kuoga.

Asubuhi, pale yadi ya malori ya Picha ya Ndege, alimkabidhi kimfuko dereva Evodius, akifunge kidude kwenye tela akishapakia bandari kavu ya Kwala. Sheria ni sheria: mzigo wa kuvuka mpaka hautoki getini mpaka kidude kionekane kwenye kompyuta, na lori likiacha barabara iliyoruhusiwa, king'ora kinalia. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio ya Hajra. Akiharibu, kazi aliyoisomea jioni baada ya jioni na mtoto mgongoni, basi tena.

Saa nne king'ora kikalia. Kwenye ramani ya kompyuta, lori la Evodius limeshapita Kiluvya, linakata vichochoro kuelekea Kisarawe! Likaacha barabara, likapasua shamba la mihogo, likatulia uani kwa watu.

"Evodius! Uko wapi?"

"Kwala, dada. Napakia."

"Mbona nakuona Kisarawe kwenye mihogo?"

"Mimi? Labda roho imetangulia, imesikia kuna pilau!"

"Hebu fungua kile kimfuko."

Mkwaruzo wa mfuko ukifunguliwa, kisha kicheko cha kuvunja mbavu. "Dada Hajra, humu mna kipande cha sabuni ya mche!"

Mboni! Amekichukua, akatia sabuni ili mfuko usinywee.

Hajra akaingia kwa bosi wake, Mzee Leodegar, akasema yote. Mzee akaitazama kompyuta, tani thelathini uani kwa bibi, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Mwenye mzigo naye analifuatilia kwenye simu yake, ameshanipigia, anauliza mashine zake zimefuata nini kwenye mihogo! Haya, mtu aliyelikamata lori limepotea kabla halijaondoka, kazi anaiweza. Kimbia ukakilete, mkataba utaukuta mezani."

Bodaboda ilimfikisha Kisarawe yeye bado anacheka peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ala! Kulikoni tena?"

"Nimefuata lori."

"Lori? Kwangu hapa?"

Ndani, Mboni alikuwa amekilaza kidude mkekani, amekifunika kanga mpaka shingoni, anakipepea taratibu kwa kifuniko cha sufuria. Akamtazama mama yake, akanong'ona:

"Mama, lori limelala."