Mshale wa Baba Mkubwa

Jumamosi asubuhi fundi wa pinde alimaliza kufunga mashine yake sebuleni, kwa kuwa karakana ilikuwa imejaa mbao. Aliiunda kwa fremu ya kitanda cha chuma, mnyororo wa baiskeli, mizani ya kuning'iniza na komeo la mlango wa bafu. Tangu komeo hilo liondoke, watu wa nyumba ile walioga huku wakiimba, ili wanaopita wajue.

Mashine ilivuta upinde kwa nguvu ileile kila mara na kuuachia bila kutetemeka. Fundi aliihitaji sana. Mwaka uliotangulia upinde mmoja aliouuzia shule ulikatika mikononi mwa binti wa marehemu mdogo wake, aliyemlea mwenyewe, ambaye kwa wembamba wake aliitwa Kijiti. Kipande kilimtoa jicho la kushoto. Fundi aliwaambia watu wa shule kwamba binti alivuta vibaya. Mashine haina mkono wa kuvuta vibaya, alisema, sasa watajionea.

Akafyatua komeo. Mshale ulitoka, ukafika katikati ya sebule, ukageuka taratibu na kusimama hewani, ncha ikimwelekea yeye kifuani.

"Upepo," alisema fundi, akafunga dirisha.

Haukuwa umesimama kabisa. Ulisogea kama kucha inavyoota. Fundi alipohamia kiti kingine, ncha ilimfuata. Aliuvuta kwa koleo, koleo likapinda. Aliukata kwa msumeno, msumeno ukabaki kibogoyo. Mkewe, baada ya kuchoka kuinama kila akipita, alianza kuanikia hapo kitambaa cha vyombo. Jirani alipita chini yake, akaazima ngazi, akaondoka nayo.

Mwalimu wa michezo alikuja kukagua mashine. Aliuzunguka mshale akiwa na futi kamba, akasema mwendo ni mdogo lakini hauyumbi, na kwamba hilo ndilo jambo la msingi. Akaagiza pinde nyingine za wanafunzi.

Fundi alikonda. Aliacha kunyoa ndevu, maana kioo kilikuwa ukuta wa pili na hakutaka kuupa mshale mgongo. Akikohoa, alikohoa kwa adabu, kifua kisitokeze mbele.

Siku ncha ilipofika ukingoni mwa meza, walikuwa wanakula chakula cha mchana.

"Baba mkubwa," alisema Kijiti, "ule upinde ulikuwa na ufa. Nilikuona ukiujaza gundi."

Fundi alifungua mdomo. Mshale ulirudi nyuma kiasi cha upana wa kidole. Wote waliona, kitambaa cha vyombo kilitikisika.

"Sema tu," mkewe alimwambia kwa sauti ya chini. "Hapa hakuna mgeni."

Fundi aliutazama mshale. Kisha akazitazama pinde mpya zilizoegemezwa ukutani, zikinuka vanishi, zikisubiri kupelekwa shuleni. Akafunga mdomo. Mshale ukarudi pale ulipokuwa, ukaongeza kidogo.

Akavuta kiti kingine, akakiweka kati yake na ile ncha, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Kijiti, mwanangu, njoo ukae hapa. Upande huo huoni, kwa hiyo hautakusumbua."

Mkewe alisita, mwiko ukiwa hewani kama mshale wenyewe. Halafu akamwongezea binti mboga.

Kijiti alihama na sahani yake. Waliendelea kula. Kisha akahisi kitu cha baridi kikimgusa juu ya sikio la kushoto, kwa upole, kama mtu anayeomba njia.

"Baba mkubwa, naomba nisogee kidogo."

"Kula, mwanangu," alisema fundi, ambaye kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alikuwa na hamu ya chakula. "Kinapoa."