Wamalwa Ajichora Mwenyewe

Dalmas Wamalwa alikuwa fundi wa kuandika mabango mjini Nakuru, mtu wa miwani na shati la kupigwa pasi. Mwaka wa 1956 Memsaab Pruett, mke wa mkulima wa Subukia, mwanamke aliyejiita mchoraji, alimwona anafaa kuchorwa kama Mmasai. Wamalwa alimweleza kwa adabu kwamba yeye ni Mbukusu. Memsaab akasema kwenye picha haitaonekana tofauti. Akamvua miwani na shati, akamshikisha mkuki ulioangikwa sebuleni kama pambo. Siku nne Wamalwa alikodolea macho ng'ombe wa maziwa kwa ukali, maana simba hawakuwepo. Aliporudishiwa miwani aliikagua picha: mguu mmoja ulikuwa na vidole sita.

Alirudi kwenye karakana yake na hasira zake. Akasimamisha kioo cha kunyolea, akajichora alivyo: miwani, tai, brashi mkononi. Kisha akaituma picha kwenye maonyesho ya sanaa ya wazungu, pembeni ameandika "D.W., Nakuru" tu.

Waamuzi waliipa nafasi ya kwanza. Walicheka hadi machozi, wakasema mzungu aliyeichora ni mcheshi kweli: boi kujitia mchoraji! Memsaab Pruett alicheka kuliko wote. Hakumtambua mtu aliyemtazama siku nne nzima.

Wamalwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasogea mbele.

"Hakuna mzaha hapo," akasema. "Nimejichora mimi."

Kicheko kilikatika. Baada ya dakika kumi utepe wa ushindi ulikuwa umebanduliwa. Kumbe kanuni zilitaka mshindi awe mwanachama. Mwamuzi mkuu akagundua pia kuwa mikono imechorwa ovyo, mikono ileile aliyokuwa akiisifu muda si mrefu.

Memsaab alimfuata nje kumwambia amejipaka kiburi, sura yake siyo ile.

"Sura yangu hukuitazama, Memsaab. Ulitazama mkuki."

Aliitundika picha mbele ya karakana, barabarani, watu waione. Wengi walisimama. Kuluthum, mshonaji wa duka la jirani, aliitazama kitambo.

"Macho umeyachora yamechoka," akasema.

Wamalwa akakiri kwamba siku aliyojichora alikuwa amechoka kweli. Ndilo neno la kwanza la maana alilosikia kuhusu picha ile, na lilimfurahisha kuliko utepe. Kisha akarudi ndani kumalizia bango la bucha ya Omolo.