Beti Nne za Jogoo

Kalamu nyekundu ilikuwa imeshamkata jogoo mara nne, mara moja kila ubeti. Pembeni mjomba alikuwa ameandika: "shemeji yangu." Kila palipokuwa na mwewe, sasa paliandikwa "askari."

"Chapa hivyo," akaniambia, ameegemea mashine ya kukatia karatasi. Alikuwa anatoa upya mashairi yake ya ujanani, safari hii kwenye kitabu. "Siku hizi hakuna wa kumwogopa."

Mimi ni mchapaji. Shule niliiacha darasa la sita, baada ya askari kumchukua baba kiwandani. Hakurudi. Ushairi siujui, ila shairi lile nililijua kwa moyo: mwewe katua uani, kamnyakua jogoo, vifaranga wanaulizana nani atawaamsha. Gazeti lililitoa kwenye ukurasa wa watoto. Mhariri hakushtuka. Mtaa mzima ulielewa.

"Mjomba, ujasiri wa leo ni wa bure," nikamwambia. "Ungeyaandika haya wakati ule."

"Wakati ule ningemfuata baba yako huko huko alikokwenda."

"Basi usijifanye ulithubutu."

Alikasirika. Na mimi nilikasirika. Kitabu ni chake, lakini baba ni wangu. Tukakubaliana aamue mama.

Tulimkuta anakunja nguo. Mjomba akamsomea beti mpya, zote nne, kwa sauti ya mkutanoni. Mama hakuacha kukunja.

"Kaka," akasema, "mume wangu amekuwa jogoo miaka thelathini na tano. Leo ndiyo umekumbuka alikuwa mtu?"

"Ndiyo maana nasahihisha, dada."

"Unasahihisha nini? Lile la jogoo nililiimba hapo dirishani, askari wakipita nje. Mmoja alisimama, akaniambia nina sauti nzuri." Akalaza shati juu ya mengine, akalinyoosha kola. "Ungeweka jina lake, ningemlilia wapi?"

Mjomba alikunja karatasi zake, akaaga.

Kesho yake alikuja kazini kwangu mapema, akakaa kwenye kiti changu bila kuomba, akaniambia nimrudishe jogoo. Na mwewe wake. Kisha akataka kitu kimoja tu: mwaka aliochukuliwa baba, chini ya ubeti wa mwisho.

Nikauweka kwa herufi ndogo. Akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta.

"Wajukuu watauona?"

"Anayesoma mpaka mwisho atauona."