Tafadhali Msiisambaze

"Mimi? Mimi niliyemlea mwanao kwenye mapaja haya? Koma, shoga, koma kabisa!"

"Basi picha ilitembea kwa miguu yake?" Fundi cherehani alimjibu Mama Pacha, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Nyumba yetu ya wapangaji ikisikia kelele hakuna anayebaki ndani. Hata kinyozi wa chumba cha mwisho alitoka, na mteja wake nyuma, kanyolewa upande mmoja.

Kwenye benchi walikaa wageni watatu: mtaalamu wa kompyuta, mtaalamu wa mambo ya nafsi, na mwanasheria. Walikuwa wakitafiti kwa pamoja jinsi ya kuwalinda watu mitandaoni. Fundi aliwakaribisha kwa sababu ya binti yake, Kidosho. Kuna watu walibandika uso wake kwenye mwili wa uchi wa mtu mwingine, picha ikazagaa, naye akakimbilia kwa shangazi yake. Kila akipiga simu swali ni lilelile: "Mama, hapo nyumbani nani hajaiona?"

"Nitafutieni mmoja tu ambaye hajaiona," fundi aliwaambia wageni. "Nimtajie, arudi."

Wapangaji wakaweka simu zao mkekani. Dada wa kompyuta akaanza kurudi nyuma, ujumbe baada ya ujumbe. Vijana walioitengeneza walirushiana wenyewe, wakacheka, wakachoka, wakahamia kwenye ubishi wa mpira. Picha ilikuwa imeshajifia. Kisha ikaibuka kwenye kundi la wapangaji, na maneno juu yake: "Jamani, huyu ni mtoto wetu, picha ni ya uongo. Tafadhali msiisambaze."

Chini ya maneno hayo, picha yenyewe.

Kuanzia hapo kila mtu alimtetea Kidosho. Kinyozi aliwaonya wateja wake, wengine wakawaonya ndugu, wakwe, wenzao wa kazini. Onyo lilelile, na picha ileile.

"Hii simu ya kwanza ni ya nani?" dada aliuliza.

Mama Pacha akashuka chini polepole, mgongo ukikwaruza ukuta. "Niliikuta kwenye simu ya wanangu. Nikasema, nisiponyanyuka mimi, nani atamsemea?"

Hakuna aliyemcheka. Mwanasheria alisema vijana wale watashtakiwa.

"Na ambaye hajaiona?" fundi aliuliza.

Kinyozi akainamia mkasi wake. Wengine wakaokota simu, mmoja mmoja, wakaingia ndani.

Wageni walipoondoka, simu ya fundi iliita.

"Mama, umempata?"

"Bado, mwanangu."

Upande wa pili ukakatika. Fundi alibaki na simu sikioni, kisha akapakua chakula sahani mbili, yake na ya Kidosho, kama alivyozoea. Mama Pacha alikuwa bado pale chini, nje ya mlango, ushungi mdomoni, hana uso wa kubisha hodi wala miguu ya kwenda kwake.

Fundi akafungua mlango.

"Utakaa hapo mpaka lini? Ingia ule. Sahani yake nimeshaipakua."