Mikono ya Shati ya Mtabiri

Oklahoma, jimbo la vimbunga kule Marekani, majira ya machipuko yakifika, hakuna anayesikiliza maneno ya mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni. Watu huangalia nguo zake. Akiwa na koti, endelea na mapishi yako. Akilivua, ingiza gari bandani lisipigwe na mvua ya mawe. Akikunja mikono ya shati, bwana wee, kimbia handakini, shimo la kujifichia chini ya ardhi, kimbunga hicho.

Ndiyo maana Orvan Tackett alipowasha televisheni jioni ile akamkuta kijana wa utabiri kakunja mikono hadi viwikoni, jasho linamtiririka, aliruka kitini. Hakungoja kusikia lolote. Handaki mtaani pale lilikuwa moja tu, la jirani yake Leota, mjane ambaye hawakuwa wakisemezana naye tangu Krismasi. Kisa? Orvan alimwambia mbele ya kanisa zima kwamba pai yake ya tufaha inafaa kuzibia paa. Tangu hapo jioni za kucheza karata barazani kwa Leota zikaisha, na Orvan akabaki anakula maharage ya kopo peke yake, akijifanya anashiba. Mdomo huo!

Viatu havikuonekana, akakatiza uani na slipa. Mlango wa handaki ulikuwa wazi, Leota ameketi chini kwenye benchi, tochi mkononi. Orvan akateremka, akafunga mlango, na kwa kuwa aliamini anakufa, akatoa yote: pai haikuwa na kosa, mwenye kosa ni yeye, nyumba inampwaya, karata za peke yake hazina raha, hata kuiba huwezi. Leota akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Wakangoja. Kimya. Kwa mbali mtu alikuwa anakata nyasi. Orvan akachungulia nje, hakuna hata wingu la kusingizia.

"Kijana alisema tangu mwanzo," Leota akasema. "Ngurumo na radi huenda zikaja kesho, tena huenda. Kiyoyozi cha studio kimekufa, ndo maana kakunja mikono."

Masikio yalimwaka Orvan kwa aibu. "Sasa kama ulijua, umeshuka huku kufanya nini?"

"Nilikuona dirishani unahangaika kutafuta viatu," Leota akasema. "Nikajua unakuja. Nikawahi kukufungulia."