Manju wa Ngoma ya Kukaa

Ngassa alikuwa na kiburi, tuseme ukweli, na Paskalia aliolewa naye akikijua. Tangu ujana wao huko Samuye, mwanamume yule wa miraba minne hakupenda kupewa pole hata ya kujikwaa. Basi mwamba ulipomwangukia shimoni, kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita, ukamponda nyonga na goti, zile pole za watu zilimuudhi kuliko maumivu yenyewe. "Mimi salama," aliwaambia waliokuja kumwona. Salama! Mtu hawezi hata kujigeuza kitandani.

Miezi ikapita, akaanza kutembea. Yaani, akishasimamishwa, alijikongoja na fimbo mpaka uani na kurudi. Kazi ilikuwa kuinuka. Akikaa, amekaa. Kila asubuhi Paskalia, mwanamke mfupi aliyemfikia kifuani, alijipenyeza chini ya kwapa lake, akakaza meno, akamwinua.

"Mama Justa, hakuna mtu anaona?" Ngassa alikuwa akinong'ona.

"Nani aje kukutazama wewe asubuhi yote hii, Gavana?"

Hapo walicheka, na kicheko kikimmaliza mama wa watu nguvu, wote wawili walirudi chini puu! Wakaanza upya.

Siku daktari wa mgodi alipokuja kumpima, Ngassa aliomba asimamishwe mapema. Daktari akamkuta wima, kaegemea ukuta, anatabasamu huku jasho likimchuruzika. Akaambiwa apige hatua, akapiga. Daktari akaandika kwamba mtu huyu amepona, arudi kazini. Paskalia alitaka kusema, lakini mumewe alimkazia jicho, akanyamaza. Shimoni Ngassa hakuweza kurudi, bila shaka, na kampuni ikamwachisha kazi mikono mitupu.

Sasa sheria ilikuwepo, ndiyo kwanza ina mwaka mmoja au miwili. Mtu akiumia kazini akabaki na kilema, tajiri wake sharti amlipe fidia, na kampuni ilikuwa imekata bima kwa ajili hiyo hiyo. Haikuwa sadaka wala hisani ya mzungu yeyote. Paskalia aliyasikia hayo kwa masikio yake, siku afisa wa Idara ya Kazi alipohutubia kambini, na kesho yake akaenda kushitaki. Afisa akasema ajapo tena Geita atawasikiliza wote, yeye Ngassa na kampuni.

Wakati wanangoja, mavuno yakaja, na mavuno ya Wasukuma hayaji bila ngoma. Vijana wa kambini walikuwa na kikundi cha ngoma ya wigashe. Wakamfuata Ngassa wakamwambia, manju wetu amehamia Maganzo kutafuta almasi, na sauti yako tunaijua. Ngassa akakubali. Jamani, mtu aliyekuwa akishinda ametazama ukuta alianza kutunga nyimbo tena! Aliwatania wapishi, akamtania nyapara, akamtania mkewe kwa kupenda ugali wa mtama. Paskalia alikasirika kwa mdomo tu, moyoni alikuwa anaruka. Mumewe alikuwa amerudi.

Ngoma ikiisha, Ngassa hakuinuka. Alibaki kwenye kigoda, kainamisha kichwa, na watu walipita kwa kunyata wakiambiana, "Mwacheni, manju anatafuta wimbo." Wimbo gani! Alikuwa anangoja uwanja ubaki mtupu ili mkewe aje amnyanyue.

Kumbe Cornel, karani wa kampuni, mtu wa Bukoba asiyeijua wigashe, alikuwa amepita kule kwa mbali Jumapili moja na baiskeli yake. Afisa alipofika na wote wakaitwa ofisini, karani alisimama na kusema, "Bwana, huyu anadai ni kilema. Mimi nimemwona kwa macho yangu anacheza ngoma."

Njiani Ngassa alikuwa amemwambia mkewe, "Umbea umeshafika. Nitasema sichezi. Na kuanzia leo naacha kweli." Paskalia aliuona ule ukuta, na mumewe ameugeukia tena.

"Ni kweli?" afisa aliuliza. "Unacheza?"

Ngassa alifungua mdomo, lakini Paskalia alimtangulia.

"Anacheza, bwana! Anacheza kuwashinda wote. Mwambie acheze, uone mwenyewe."

Karani alitabasamu. Ngassa alimtazama mkewe kama mtu aliyeuzwa sokoni. Lakini manju ni manju. Palepale kwenye benchi alianza kuimba, kwanza chini chini, kisha mabega yakaingia, mikono ikaingia, kichwa kikaingia. Matarishi wakajaa mlangoni wakipiga makofi. Miguu yake ilikuwa imelala sakafuni, hata kidole hakikutikisika.

"Na miguu?" afisa aliuliza alipomaliza.

"Haina kazi, bwana," Paskalia alisema. "Wigashe huchezwa watu wamekaa."

"Haya. Sasa simama."

Paskalia alikwisha kuinuka nusu, kwa mazoea, kabla hajajikumbuka. Akakaa tena. Ngassa alimtazama, macho yakimwambia njoo, upesi. Hakwenda. Mficha uchi hazai, alijiambia, na machozi yalimlenga, maana hakuna kitu alichokitaka saa ile kuliko kwenda. Ngassa akakita fimbo, akajisukuma, akainuka shibiri moja, akarudi. Akajisukuma tena. Fimbo ikateleza, naye nusura aanguke na benchi lake. Mlangoni hakuna aliyepiga makofi sasa.

"Daktari alikukuta umesimama," afisa alisema polepole. "Nani alikusimamisha?"

Jasho lilimtiririka Ngassa mpaka kidevuni.

"Mke wangu," alisema mwishowe. "Kila siku."

"Basi kadanganyika daktari, na wewe umejidhulumu. Utapimwa upya na daktari wa serikali, kuanzia kitini. Kilema cha kazini kina fidia yake, ucheze ngoma usicheze. Kampuni italipa."

Karani Cornel, haya zimemjaa usoni, alikwenda mbio kumshika mkono amsaidie kuinuka.

"Acha," Ngassa alimwambia bila hasira. "Wewe hujui pa kushika."

Akageuka, na mbele ya afisa na karani na matarishi wote waliojazana mlangoni akamwita mkewe kwa ile sauti yake ya uwanjani: "Mama Justa! Njoo uniinue, twende nyumbani."